Dada Aliyekuwa Akinitajia Stesheni

Kabla treni za chini ya ardhi za Toronto hazijaanza kujitangazia stesheni zenyewe, kazi hiyo aliifanya kondakta kwa mdomo wake. Alikaa kwenye kijumba chake nyuma ya treni, akashika kipaza sauti, akataja jina la stesheni kama mtu anayeongea na muhogo mdomoni. Wako waliotaja, wako walionyamaza safari nzima, na wako waliokumbuka kutaja milango ikiwa imeshafungwa. Mimi nilikuwa nimetoka Morogoro na Kiingereza changu cha kuandikia ripoti, nikawa naambulia patupu. Nilichoelewa ni ile kengele tu: milio mitatu inayoshuka, wa juu, wa kati, wa chini, halafu milango inafungwa, na kama umeacha begi lako nje, shauri yako.

Aliyenifundisha treni ni mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa akiishi na mke wake St. James Town, kwenye moja ya yale maghorofa marefu yaliyobanana. Nilifika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sina ndugu wala jamaa. Mzee alipata habari zangu kwa watu, akanipigia simu, akasema njoo ukae kwetu mpaka upate chumba. Nililala kwenye kochi lao majira yote ya baridi. Mke wake nilimwita mama tangu siku ya kwanza kwa sababu ndivyo unavyomwita mwanamke wa umri ule, na baadaye nikaendelea kumwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hawakujaliwa mtoto. Sikuwa na haja ya kuambiwa nafasi niliyokalia pale.

Jumamosi moja mzee alinichukua, tukapanda treni Sherbourne, tukaenda mpaka mwisho wa reli kule Kennedy, tukarudi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kiwandani, kati ya mashine za kelele, kwa hiyo hakujua kusema polepole. Alinitajia kila stesheni kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Hii Broadview. Sasa tunavuka daraja, ukiona mwanga ujue umekaribia nyumbani. Hii Castle Frank, hapa usishuke, huna shughuli hapa. Hii Sherbourne, hapa ndipo kwetu. Watu walikuwa wanashusha magazeti yao kututazama. Mzee hakujali, na kwa kweli sidhani kama aliona kuna cha kujali. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, nikijifanya ni mtu niliyekutana naye tu njiani. Naona nilianza mapema.

Basi, maisha yakanyooka. Nikapata kazi kwenye ofisi ya bima katikati ya mji, nikaoa, tukahamia Agincourt, tukapata binti. Nilikuwa yule kijana ambaye watu wa jumuiya yetu ya Watanzania humtafuta wakiwa na shida ya karatasi: mkataba wa nyumba, madai ya gari, barua ya serikali isiyoeleweka. Nilizoea kuombwa msaada. Kuomba sikujua, na sikutaka kujua.

Halafu macho yakaanza. Nilijigonga kwenye makabati yaliyoachwa wazi, nikamwaga chai za watu, nikamkanyaga mtoto wangu mwenyewe aliyekuwa ameketi chini mbele ya televisheni. Daktari alinipima kwa kile chombo cha kupuliza upepo jichoni, akanipima tena, akaniambia nina presha ya macho na imeshakula sehemu kubwa ya pembeni. Kilichobaki ni katikati. Nilikuwa naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilichopo mbele ya tundu nakiona vizuri, ninakisoma hata kama ni herufi ndogo, na kila kilichobaki hakipo. Si giza. Hakipo tu. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akishikwa mkono kupelekwa msalani, na sisi tukasema ni uzee. Daktari alinipa dawa ya matone ya kuzuia isizidi, akaniambia nisiguse usukani tena.

Niliuza gari. Watu niliwaambia nimechoka kutafuta maegesho mjini. Wengine wakasema nimekuwa bahili, nikacheka nao. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua, na nilimwapisha asiseme kwa mtu. Aliniuliza aibu ya nini, kwani nimeiba? Niliona aibu tu, aibu ya mwili mzima, kama niliyeambiwa na daktari kwamba mimi si yule mtu waliyekuwa wakimletea karatasi zao. Kila nilipowaza watu wakinishika mkono ukumbini kunionyesha kiti, nilisikia masikio yakipata moto.

Ndipo treni zikaanza kusema. Sijui mwaka hasa, ila nakumbuka asubuhi yake. Tuliondoka Kennedy, na sauti ya mwanamke, safi, isiyo na haraka, ikatangaza kwamba stesheni inayofuata ni Warden, stesheni ya Warden. Ilitaja jina mara mbili, kila stesheni, bila kuruka. Watu waliokuwa karibu yangu walikunja nyuso, mmoja akasema sasa hata kulala hatulali. Mimi nilikaa pale machozi yakinilengalenga. Kabla ya hapo nilikuwa nahesabu vituo kwa vidole ndani ya mfuko wa koti, na nikipoteza hesabu najishukia tu popote na kuanza upya. Nilimwita dada wa treni. Mke wangu alinitania kwamba nimepata mke mdogo asiyekula wala kuvaa.

Nilimtegemea dada yule kuliko ninavyopenda kukubali. Nilijua kila sauti ya safari. Kengele ilinionyesha mlango ulipo, maana ililia juu ya mlango, na mimi nilikuwa naufuata mlio huku macho yakiwa chini kwenye ule ukanda wa njano ukingoni mwa jukwaa nisije nikatumbukia. Nikishaingia nashika nguzo, nainamisha kichwa, nasikiliza. Sikutaka kitu kingine kiingie masikioni. Mtu akiongea na simu pembeni nilimchukia kabisa.

Shida ni kwamba treni hiyohiyo wanapanda na watu tunaofahamiana. Wengi walikuwa wakiishi upande ule, na mara kwa mara nilikuwa nasikia jina langu likiitwa ndani ya behewa, kwa ile lafudhi yetu ambayo huwezi kuichanganya na nyingine. Sasa mtu akikuita unageuka. Mimi nikigeuka sioni aliyeniita, inabidi nizungushe kichwa nikimtafuta kwa tundu langu, uso mmoja mmoja, huku yeye ananipungia mkono mbele ya pua. Nilifanya hivyo mara mbili tatu mwanzoni. Mara moja nilimtolea tabasamu zuri kabisa mwanamke wa Kichina aliyekuwa akila tufaha. Baada ya hapo nikajiwekea utaratibu: nikiitwa kwenye treni, sigeuki. Mwenye shida nami kweli atanifuata mpaka karibu na kusema jina lake. Wengi hawakufuata.

Na salamu, jamani. Mtu wa kwetu unaweza kumkosea mambo mengi akakusamehe, lakini si salamu. Kwenye harusi moja, taa zimepunguzwa, nilisikia sauti nzito ikisema habari za siku nyingi. Nikaona koti kubwa jeusi na kofia, nikainama kidogo, nikasema shikamoo baba. Ilikuwa kijana wa chuo kikuu, hajafikisha hata miaka ishirini na mitano. Kwa mshtuko akajibu marahaba. Meza nzima ikapasuka kwa kicheko, nami nikacheka zaidi yao, nikajifanya nilikuwa namtania. Usiku huohuo nilimpita mzee wa kanisa mlangoni bila kumwamkia, naye hakucheka.

Maneno yakaanza. Eti tangu apandishwe cheo ofisini anajisikia. Eti amehamia Agincourt, amejenga ukuta. Mke wangu aliyaleta nyumbani yakiwa motomoto, akitegemea yataniuma mpaka niseme ukweli. Yaliniuma. Lakini nilikaa nikayapima, nikaona mtu mwenye maringo bado ni mtu anayeogopwa kidogo, na mtu anayepofuka anaonewa huruma. Nikachagua maringo. Nilianza hata kuyafanyia mazoezi: kutembea kichwa juu, kujibu kwa mkato.

Katika miaka hiyo mzee alianza kudhoofika. Zamani alikuwa akinipigia kila Jumapili, bila sababu, anaanza tu na hali ya hewa kana kwamba mimi niko mji mwingine. Simu zikapungua, kisha zikakoma. Nikapiga mimi, mama akapokea, akasema mzee amelala. Nilidhani ni ugonjwa. Alipolazwa nilikwenda na mke wangu, na alikuwa amegeukia ukutani, akanijibu salamu kwa neno moja. Nilidhani ni dawa. Alifariki kabla ya majira ya baridi kuisha, nikabeba jeneza pamoja na wanaume wengine, nikiwa nimeshikilia upande wa nyuma ili nifuate miguu ya aliye mbele yangu.

Mama akakaa eda. Nilipeleka vyakula mara kadhaa, nikaviacha kwa jirani yake, mwanamke wa Kitanzania wa ghorofa lilelile aliyekuwa akimhudumia, maana haikuwa sawa mimi kuingia na kukaa. Nilisubiri eda iishe ndipo niende nikae naye kama mwana anavyokaa na mama yake. Nilikuwa nimepanga kabisa.

Siku mama alipotoka nje mara ya kwanza, hakuna aliyeniambia. Alitoka na yule jirani, wakapanda treni Sherbourne, wakashuka kituo kimoja mbele, Yonge, kwenda madukani kununua viatu. Pale Yonge jukwaa ni moja katikati, treni za huku na za kule zinasimama upande na upande. Mimi nilikuwa natoka kazini. Nilikuwa nashuka ngazi nikasikia treni ya kwenda Kennedy imeshafungua milango, halafu kengele ikaanza: wa juu, wa kati. Nikakimbilia mlio, macho kwenye ukanda wa njano. Niliingia. Milango ikafungwa mgongoni kwangu, dada wa treni akataja Sherbourne, nikashika nguzo nikashukuru Mungu. Safari ilikuwa nzuri. Nilifika nyumbani nikala vizuri.

Kesho yake jioni mke wangu alikuwa amekaa jikoni bila kuwasha jiko. Alikuwa ameongea na yule jirani kwenye simu, au tuseme alikuwa amesikiliza tu. Kumbe mama aliniona nikishuka ngazi, akaacha kundi la watu akanijia, akasimama mbele ya njia yangu karibu na mlango wa treni, akaninyooshea mkono. Alisema kitu pia, lakini kengele ilikuwa inalia. Nikampita. Jirani alisema nilikuwa karibu naye kiasi kwamba koti langu liligusa vidole vyake.

"Wanasema umem-ignore mama," mke wangu alisema. "Katoka eda, mkono wa kwanza anaotoa ni kwako, umeuacha hewani."

Nilikaa chini. Nilijaribu kuukumbuka mkono ule na sikuweza, kwa sababu kwangu haukuwahi kuwepo. Mke wangu hakunilaumu kwa sauti. Alisema tu kwamba kwa watu wengine atanyamaza mpaka aingie kaburini, lakini kwa mama hatanyamaza, ama niende mwenyewe ama aende yeye. Nikasema nitakwenda. Jumamosi, nikasema, na usimwambie chochote.

Mtu mwenye akili angekwenda kusema ukweli. Mimi nilikwenda na uongo. Niliushona wiki nzima ukakaa vizuri: kwamba siku ile nilikuwa nimepata habari mbaya kazini, kichwa kimejaa mawazo, sikuwa namwona mtu yeyote, mama nisamehe. Ulikuwa uongo mzuri kwa sababu kipande cha mwisho kilikuwa kweli. Kwenye treni nilikuwa naurudia kimoyomoyo, nikibadilisha neno hapa na pale, nikitafuta mahali pa kuweka pole ya mzee. Sikuusikia mlio wa magurudumu ulivyobadilika tulipopita darajani, ambao kwa kawaida huwa siukosi. Nikamsikia dada akisema Sherbourne, stesheni ya Sherbourne. Nikashuka, nikapanda ngazi, nikatoka nje.

Nje kulikuwa na upepo kwenye miti. Hakukuwa na watoto wanaogombana wala vitunguu vinavyokaangwa wala mtu anayeuza kadi za simu. Niligeuza kichwa huku na kule nikiyatafuta maghorofa kwa tundu langu, nikapata matawi. Dada wa treni alikuwa amekwenda hatua moja mbele ya treni yenyewe siku ile, akitaja kituo ambacho hatujakifikia, na abiria wote waliobaki walikuwa wameinua macho mara moja wakasoma ukutani, wakakaa. Nilikuwa Castle Frank. Nilirudi chini nikiwa nimeshikilia ukuta, nikasubiri treni nyingine, nikahesabu kituo kimoja kwa kidole.

Nilichelewa sana. Mama alifungua mlango, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema karibu. Hakusema karibu mwanangu. Akanikalisha sebuleni, kwenye kiti, si kwenye kochi. Nyumba ile nilikuwa naingia moja kwa moja mpaka jikoni, nafunua masufuria, nafokewa. Siku ile aliniletea chai kwenye trei, kikombe kimewekwa kwenye kisahani, maandazi yamefunikwa kwa kitambaa, akatenga stuli mbele yangu, akakaa mbali na mikono yake mapajani. Nimewahi kutukanwa mara nyingi maishani. Sijawahi kuumizwa na tusi kama nilivyoumizwa na kile kisahani.

Nilianza na pole ya mzee, akapokea. Nikasema samahani kwa kuchelewa, nilishuka stesheni isiyokuwa yenyewe, ile sauti ilitaja vibaya. Nilisema haraka ili nifike kwenye uongo wangu.

Mama alikuwa ananitazama. Uso wake niliuona vizuri, nilikuwa nimeuweka katikati.

"Jina limeandikwa ukutani, baba," alisema. "Herufi kubwa, mpaka mimi nisiyesoma Kiingereza nazijua. Hukuliona?"

Ningeweza kusema nilikuwa na mawazo. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshonwa. Lakini aliuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza zamani kama nimekula, na nikajisikia nimechoka kupita kiasi.

"Sikuliona, mama. Sioni."

Nikamweleza yote: daktari, matone, gari, kengele, ukanda wa njano. Nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe unapoanzia kupotea nikiusogeza pembeni. Nilimwambia siku ile Yonge sikuuona mkono wake, na kama ningeuona ningeushika na kuubusu mbele ya watu wote. Alitoka kwenye kiti chake akaja kupiga magoti mbele yangu, akaniangalia jicho moja, kisha la pili, kana kwamba angeona kitu. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia niliona aibu.

Alisema aibu ya nini, yeye kisukari chake amekitangaza mpaka kwa madereva wa basi, wakimwona wanamteremshia ngazi. Alikuwa analia na kucheka kidogo. Akachukua mkono wangu, akaushika katikati ya mikono yake, na ile trei akaisukuma pembeni kwa goti. Nilianza kupumua. Nilifikiri, kumbe ni hivi tu, kumbe jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na mimi nimelibeba miaka yote.

Kisha nilisikia mikono yake ikilegea.

"Mzee alikuona kwenye treni," alisema. "Kabla hajaanza kuugua. Alitoka hospitali kupima, akakukuta umesimama, umeshika chuma."

Nikasema sikumwona. Nikasema mama, wakati ule macho yalikuwa yameshaharibika, sikumwona.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia labda hakukuona. Akasema, si lazima anione, mimi nimemwita. Alikuita jina lako mara mbili, watu wote wakageuka, wewe hukugeuka. Akarudi hapa akakaa palepale ulipokaa. Akasema, mwache, kijana ametuona hatufai. Hakukutaja tena."

Zile Jumapili zikapita kichwani mwangu moja moja. Na ule uso uliogeukia ukutani hospitalini. Nilijaribu kuipata siku ile, nilikuwa nimevaa nini, natoka wapi, na sikuipata, kwa sababu siku nilizoitwa nisigeuke zilikuwa nyingi, na zote zilifanana. Macho yangu ningeweza kuyatupia lawama ya kila kitu, na mama angekubali. Masikio yangu yalikuwa mazima. Na mzee hakuwa mtu wa kuita mara mbili ndani ya behewa moja usimsikie.

"Hukusikia," mama alisema. "Siyo? Ile mikelele yao ya milango."

Alikuwa ananipa. Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, mjane, ananipa kitu cha kusema, na alikihitaji yeye kuliko mimi, ili mume wake awe amekosea tu. Nilitamani sana kukipokea.

"Huenda nilisikia, mama," nikasema. "Nilikuwa nikiitwa, sigeuki."

Alijiinua kwa kushika mkono wa kiti, akachukua trei na kikombe changu ambacho sikuwa nimekinywa, akaenda navyo jikoni. Nikasikia maji yakifunguliwa, yakafungwa. Kutoka pale nilipokaa mlango wa jikoni ulikuwa pembeni, sikuweza kuuona. Nikakaa nikisikiliza kama anarudi.